Mjomba wa Kaunta: "Napenda bia za kraft lakini Safari ya baridi bado inaniita"

Toleo lililopita tuliandika kidogo habari za viwanda vidogo vidogo vya bia vinavyochipuka Nairobi na Kampala, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimekuja nyingi na karibu zote zinasomeka kama za mtu aliyekuja kuungama: Mjomba mimi hizi bia za kraft, yaani za hivyo viwanda vidogo, nazipenda, IPA naijua (ile yenye hopsi nyingi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu), stauti naijua (ile nyeusi nzito), lakini kuna siku nataka ile ya kawaida tu ya mtaani, je nina tatizo? Nimechagua chache, nyingine nimezipunguza urefu maana kuna mtu kaandika kurasa sita. Kona hii ni ya wenye miaka 18 kwenda juu, na mwenye funguo za gari mfukoni asome huku anakunywa soda.

SWALI: Mjomba shikamoo. Niko Tabata, Dar. Miaka ya karibuni nimekuwa mtu wa bia kweli kweli, nikienda Nairobi lazima nipite Brew Bistro pale Ngong Road, nikifika Kampala natafuta Banange, nyumbani nina glasi za kuonjea na daftari la kuandika kila nilichokunywa. Sasa Jumamosi washkaji wa kundi letu la kuonja wamenikuta grosari ya mtaani kwetu nimekaa na bia mbili za Safari mezani, moja tupu moja nusu, na mishikaki. Wamecheka mpaka leo, kwenye grupu wananiita Mzee wa Safari. Kwani nikipenda bia nzuri ndo siruhusiwi tena kupenda ya kawaida? Au mimi ni feki?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Feki hapo simwoni, labda hao walioingia grosari wakatoka bila kuagiza kitu.

Tuiangalie hiyo meza yenyewe. Saa kumi na moja jioni, joto la Dar unalijua, shati limeganda mgongoni. Baamedi anakuuliza baridi au ya moto, anarudi kashika shingo za chupa mbili kwa mkono mmoja, anafungua mbele ya macho yako ili kesho usije ukasema uliletewa iliyofunguliwa, halafu kizibo anakirudisha juu ya mdomo wa chupa nzi asipate njia. Mishikaki inafuata, na ndimu na pilipili na chumvi pembeni ya sahani. Sasa hapo uniletee stauti ya asilimia kumi iliyolazwa kwenye pipa la wiski, nitakushukuru sana alafu nitaibeba nikaiweke kwenye friji nyumbani, kwa sababu bia ya namna hiyo inataka ukae nayo unuse unyamaze, na grosari mtu hajaenda kunyamaza, kaenda kubishana Simba na Yanga. Laga ya kawaida, yaani bia nyepesi ya dhahabu kama hiyo Safari, pale ndo iko kazini kwake: gesi inakata mafuta ya nyama, uchungu wake mdogo unasafisha ulimi, na haikudai uiangalie kila unapomeza.

Sisemi kwamba Safari na IPA nzuri ni kitu kimoja kwa ladha, hapana, tusidanganyane. Laga ya kiwandani ladha zake ni chache na zimefanywa chache makusudi, ili mtu wa Tunduma na mtu wa Tanga wakifungua chupa wakutane na kitu kilekile, jana, leo na mwaka kesho. Wewe ukitaka hopsi zinazonukia maembe na machungwa, hutazikuta humo hata uitikise.

Ila nakushauri jambo moja, hiyo Safari iandike kwenye daftari. Iandike kwa uaminifu uleule unaowaandikia wengine: rangi, povu limekaa muda gani, harufu ya nafaka, utamu ule wa mwanzo, uchungu unaopotea haraka. Alafu hilo daftari lisomwe mbele ya kundi zima. Wenzako nina hakika hawajawahi kuinywa kwa kuisikiliza, wanajua bei yake tu na wanaicheka bei.

SWALI: Sasa Mjomba. Mimi niko South B, Nairobi. Kuna jamaa wa ofisi amerudi kutoka Ujerumani na sasa hatupumui, ati bia zetu si bia kwa sababu zimewekwa mahindi na sukari, ati bia ya ukweli ni shayiri, maji na hopsi pekee na huko kwao ni sheria. Mimi Tusker niliianza nilipopata kitambulisho na sioni nikiiacha, hata kama wikendi nakunywa hizo za kraft za 254 na Bateleur na nazipenda. Huyu anasema ukweli ama anatubeba ufala?

JIBU: Poa sana. Jamaa yako kashika nusu ya habari na ndo nusu yenye kelele.

Sheria ipo, ilitangazwa Bavaria tarehe 23 Aprili 1516 na ilitaja hivyo vitu vitatu. Hamira haikutajwa kabisa, wakati ule watu walikuwa hawajaelewa inavyofanya kazi. Na muulize kama amewahi kuisoma yote, maana sehemu kubwa ya sheria ile inazungumza bei, bia iuzwe kiasi gani majira gani, na sababu moja ya kubana nafaka ni kwamba ngano na rai zibaki kwa waoka mikate. Ujerumani nzima haikuifuata mpaka 1906, na mwaka 1987 mahakama ya Ulaya ikawaambia hawawezi kuzuia bia za nje kwa kisingizio hicho. Kwa hiyo ni kitu cha heshima, ndiyo, lakini hakikushuka kutoka mbinguni.

Sasa mahindi na mchele viliingiaje kwenye laga? Hapa ndo patamu. Walioviingiza ni Wajerumani na watu wa Bohemia wenyewe waliohamia Marekani karne ya 19. Walifika na ujuzi wa laga ya dhahabu, ile iliyoanzia Plzeň mwaka 1842 kwa mkono wa Josef Groll, wakakuta shayiri ya Marekani ni ya aina nyingine, suke lake lina safu sita za punje na protini nyingi, ukipika nayo peke yake bia inatoka nzito na yenye ukungu, haipendezi ndani ya glasi. Ukichanganya na mchele au mahindi inang'aa na kuwa nyepesi. Budweiser ilianza 1876 na mchele ndani yake. Kwa hiyo hapo mwanzo ilikuwa ufundi wa kutatua shida ya nafaka, habari ya kubana gharama ikaja kunoga baadaye, na kweli ilinoga, siwezi kuwatetea kwa hilo.

Huku kwetu ndo kabisa. Uganda walitoa Eagle Lager ya mtama mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ikaipa ushuru mdogo kwa vile nafaka inatoka kwa wakulima wa hapohapo. Na kabla ya kiwanda chochote, Wachaga walikuwa na mbege yao ya ndizi na ulezi, na huko Magharibi mwa Kenya busaa ya mahindi na wimbi, sasa kwa kipimo cha jamaa yako wazee wetu wote walikuwa wanakunywa kitu ambacho si bia. Akawaambie hivyo matanga yakiwa yamechangamka.

Alafu kuna hili ambalo watu wa bia wengi hawalisemi kwa sauti: laga nyepesi ni ngumu kutengeneza. Stauti ikikosewa kidogo, kimea cha kuungua kinaficha. IPA ikikosewa, hopsi zinaficha. Laga haina pa kujificha, hamira ikinyimwa muda wa kumaliza kazi unasikia harufu ya siagi, au ya tufaa bichi, na mpishi akiharakisha jiko unasikia mahindi ya kuchemsha. Mtambo unaotoa mamilioni ya chupa na zote ziko sawa, humo ndani kuna watu wanajua wanachofanya.

Na Tusker yenyewe ina story. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922 pale Ruaraka, bia za kwanza zikapelekwa Stanley Hotel mwezi Desemba. Mwaka uliofuata George akauawa na tembo mawindoni, na bia ikapewa jina la mnyama aliyemuua, ndo huyo yuko kwenye lebo mpaka leo. Asilimia 4.2. Mwambie jamaa yako siku ya yeye kulipa raundi tutaangalia anaagiza nini.

SWALI: Mjomba mimi ni Mkenya niko Minneapolis, naosha matangi kwenye kiwanda kidogo cha bia. Bosi wangu anapika IPA ambazo watu wanapanga foleni, lakini kazi ikiisha anafungua friji anatoa kopo la Miller High Life. Mwanzo nilidhani anatania. Wote pale wanafanya hivyo, kwani wanatuuzia kitu wasichokiamini?

JIBU: Wanakiamini, ila wamekinusa tangu asubuhi. Mtu aliyeshinda siku nzima na hopsi, mvuke wa kimea na dawa za kuoshea matangi, ulimi wake umechoka, hapo anataka kitu cha baridi kisichomuuliza maswali. Mpishi wa pilau la harusi akirudi kwake anakula ugali na dagaa, na hakuna anayesema pilau lake ni la uongo.

Wamarekani hili jambo wamelikubali kuliko wanavyosema. Kule Denver wana mashindano makubwa ya bia, Great American Beer Festival, na ndani yake laga nyepesi ina kundi lake kabisa, waamuzi wanaonja bila kuona chapa na medali zinatolewa. Pabst Blue Ribbon, ambayo ni bia ya bei ya chini, imeshabeba dhahabu pale.

Na hiyo Miller High Life ya bosi wako ni ya mwaka 1903, na kwa miaka mingi sana wameitangaza kama shampeni ya bia. Basi mwaka 2023 mzigo wa makopo 2,352 ulikuwa unapita bandari ya Antwerp, forodha ya Ubelgiji ikaukamata kwa sababu neno shampeni Ulaya linalindwa na ni la mvinyo wa Champagne tu, makopo yote yakapondwa. Mzigo ulikuwa wa mtu kule Ujerumani na hakulalamika. Mimi ningelalamika.

Ukitaka kicheko kingine, Februari 2015 Budweiser walitoa tangazo kwenye Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, wakiwakejeli wanaonusa bia kwenye glasi ndogo, na wakataja kwa dharau bia ya maboga na pichi. Siku chache kabla yake kampuni yao hiyohiyo ilikuwa imetangaza kuinunua Elysian ya Seattle, kiwanda kidogo ambacho kilishawahi kutengeneza bia ya maboga na pichi, yaani walikuwa wanajikejeli wenyewe. Na kabla ya hapo, 2011, walishainunua Goose Island ya Chicago kwa dola milioni 38.8. Kwa hiyo wale wanaokucheka na chupa ya bei rahisi waambie wageuze na za kwao wasome mwenye kiwanda ni nani, inawezekana mnamlipa tajiri mmoja.

SWALI: Mjomba naomba jibu fupi. Baba mkwe wangu anakunywa bia ya moto, hata friji ikiwa imejaa. Mimi nikinywa hivyo nasikia tumbo linakataa. Nani yuko sahihi? (Singida)

JIBU: Baba mkwe yuko sahihi kwa sababu ni baba mkwe.

Kwa upande wa bia yenyewe: baridi kali inaua harufu na kuficha ladha, ndo maana laga za kawaida zinanoga zikiwa kwenye nyuzi 3 mpaka 5 hivi, na bia nzito za kraft wanashauri uziache zipande mpaka 8 au 12 ndo uzisikie. Ukiinywa laga ya moto unakutana nayo nzima nzima, utamu wote, nafaka yote, na gesi inatoka haraka kwa hiyo mimina taratibu. Wazee wengi wanasema ya baridi inawapa kifua, wengine walizoea enzi baa haina umeme. Ule mtindo wa moja moto moja baridi, ukichanganya kwenye glasi, kiukweli ni wa akili sana na unaisogeza bia karibu na joto ambalo waonjaji wa Ulaya wanahangaika kulipima na vipima joto.

SWALI: Habari Mjomba. Nimenunua bia ya nje supamaketi hapa Arusha, chupa ya kijani, bei yake ningepata Kilimanjaro tatu na chenji. Nimefungua inanuka kama kicheche kapita jikoni. Mume wangu anasema ndo ladha ya bia za daraja la juu sijazoea. Nimeimwaga, nimekosea?

JIBU: Hujakosea dada, na mumeo mwambie aache kuheshimu lebo.

Hiyo ni bia iliyopigwa na mwanga. Ndani ya hopsi kuna kitu ambacho kikikutana na mwanga wa jua, hata wa taa za rafu za duka, kinageuka na kutoa hiyo harufu, na haichukui muda, juani ni dakika tu. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe haizuii karibu kitu. Miller wao wanatumia hopsi zilizosindikwa namna ya kutopata hilo tatizo ndo maana wanathubutu kutumia chupa nyeupe. Sasa angalia chupa za Kilimanjaro, Safari, Tusker: kahawia. Bia ya bei ya kawaida, chupa sahihi.

Na hapohapo niongeze jambo ambalo kwa maoni yangu ndo utetezi mkubwa kuliko wote wa bia ya kawaida, yaani uchanga wake. Bia si mvinyo, nyingi haziboreki zikikaa. Joto na muda vinaifanya isikike kama karatasi ya boksi iliyolowa, na harufu ya hopsi kwenye IPA ndo ya kwanza kuondoka. Hiyo ya nje imekaa kwenye kontena baharini, ikasubiri bandarini kwenye joto la pwani, ikaja na lori, ikakaa rafuni inasubiri mtu mwenye pesa kama wewe. Kreti ya Kilimanjaro kwenye baa yenye watu haimalizi wiki. Kwa hiyo siku nyingi tu hapa kwetu bia bora kwenye kaunta ni ile inayotoka haraka, sio ile yenye lebo ya maandishi ya dhahabu. Ukitaka kraft, nunua ya karibu na usome tarehe kwanza. Na ukikuta muuzaji kazipanga kreti nje juani, hata ziwe za chupa ya kahawia, sogea duka linalofuata, joto halichagui rangi.

SWALI: Mjomba, Nakuru hapa. Mimi ni fundi wa ujenzi, jioni napita kwa keg napiga vikombe viwili naenda nyumbani. Kijana wangu amesoma, sasa ni mtu wa hizi bia za elfu moja na ananiambia Senator ni bia ya walevi. Nimjibu nini?

JIBU: Mzee wangu, huyo kijana alikuwa mdogo mno kukumbuka, basi mkumbushe.

Novemba 2000, mitaa ya Mukuru Nairobi, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa pombe haramu iliyoitwa kumi kumi, iliyotiwa methanoli, pombe ya viwandani ambayo ni sumu, na wengine wakabaki vipofu. Walikuwa watu wa kibarua kama wewe ambao chupa ya bia ilikuwa juu ya uwezo wao. Mwaka 2004 ndo ikaja Senator Keg, serikali ikalegeza ushuru, bia ikatolewa kwenye pipa la chuma bila chupa wala lebo ya kulipia, bei ikashuka mpaka mtu wa mjengo akaweza kukaa na kikombe cha kitu kilichopimwa kiwandani. Watu wakaibatiza Obama, maana ni Senator na mwenyewe wakati ule alikuwa ndo anaingia seneti. Wakulima wa mtama nao wakapata mnunuzi. Alafu 2013 serikali ikapunguza ule msamaha wa ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya, watu wakarudi vichochoroni. Mei 2014 methanoli ikaua tena makumi ya watu, Embu, Kiambu na kwingine. 2015 msamaha ukarudishwa. Mimi simwambii mtu kwamba ushuru peke yake ndo uliua, mambo haya yana mikono mingi, ila huwezi kuitaja Senator ukaacha hiyo habari.

Kwa ladha ni nyepesi, tamu kidogo, uchungu haba, haina makuu. Kitu cha kuangalia ni mpira unaotoa bia kwenye pipa, sio bia yenyewe: mrija usiposafishwa bia inatoka na uchachu kama siki au harufu ya siagi, na hilo linaipata hata baa ya kifahari yenye mabomba ishirini ya kraft ukutani. Mlete kijana siku moja akae hapo na wewe, saa kumi na moja zikishafika maana sheria ya Mututho, ile ya Kenya inayopanga saa za kuuza pombe, bado ipo, umnunulie kikombe kimoja. Asiponywa, unywe wewe, lakini na hivyo viwili vyako usivizidishe.

SWALI: Mjomba tusaidie. Mume wangu yuko kwenye kamati ya harusi ya mdogo wake hapa Moshi, sasa anapendekeza ukumbini badala ya kreti za kawaida ziletwe bia za kraft kutoka Nairobi "ili wageni wajifunze". Kamati imegawanyika, mwenyekiti amesusa.

JIBU: Mwenyekiti yuko sahihi. Harusini mtu kachanga mchango wake, anataka anayoijua, akae na shemeji zake, aone chupa tupu zinapangana chini ya meza. Wageni hawakualikwa darasani. Mumeo achukue kreti moja ya hizo za kwake aiweke meza ya marafiki zake, na kwa upande wa wazee ahakikishe mbege inatosha, maana hiyo ikipungua mtasikia habari yenu mpaka ubatizo wa mtoto.

SWALI: Mjomba tuko Mwanza, tuna ubishi wa miaka. Mimi nasema naijua Balimi hata nikifungwa macho. Rafiki yangu anasema yeye anazijua zote, Safari, Kili, Castle, na kwamba sisi wanywaji wa bia za kawaida tunakunywa jina tu. Tunamalizaje hili bila kugombana?

JIBU: Hili limeshafanyiwa utafiti na nawaonya mapema kwamba matokeo huwa yanaumiza. Mwaka 1964 Marekani, Allison na Uhl waliwapa wanywaji wa bia 326 chupa zilizotolewa lebo, wakazipa alama karibu sawa zote, hata ile waliyoapa ndo yao hawakuitofautisha. Waliporudishiwa zenye lebo, ghafla kila mtu akaipandisha ya kwake. Kwa hiyo rafiki yako ana hoja. Lakini msikilize na hili: mwaka 2006 watafiti wengine, Lee, Frederick na Ariely, waliwapa watu kwenye baa za Cambridge, Massachusetts, bia ya kawaida na nyingine ileile iliyodondoshewa matone ya siki ya balsamiko. Wasioambiwa kitu, wengi waliipenda yenye siki. Walioambiwa kabla ya kuonja, wengi wakaikataa. Walioambiwa baada ya kuonja, bado waliipenda karibu kama wale wasioambiwa. Yaani habari ikitangulia mdomo, inageuza mpaka ladha yenyewe, na hilo linampata mnywaji wa Balimi na linampata hata zaidi yule wa kraft ambaye kasoma maelezo yote nyuma ya kopo kabla ya kufungua.

Sasa fanyeni hivi. Msishindane kutaja majina, hiyo ni kubahatisha. Mtafute mtu wa tatu ambaye hanywi, amimine glasi tatu jikoni, mbili bia ileile na moja tofauti, alafu kila mmoja wenu aseme ipi ni mgeni. Akipatia mara moja msimshangilie, hata kwa kubahatisha mtu anapatia moja kwa tatu, kwa hiyo rudieni mara kadhaa na mnaonja tu, funda dogo, sio kumaliza glasi, maana mkifika raundi ya tano mmelewa hamna tena cha kupima. Bia zote zitoke friji moja muda mmoja. Glasi zifanane, zisuuzwe kwa maji safi ya baridi bila kufutwa na kitambaa cha jikoni. Ukiona mapovu madogo yamegandia pembeni ndani ya glasi ujue ina mafuta, osha tena. Sato wa kukaanga asubiri, mafuta ya samaki mdomoni yanaua povu na yanaua ulimi.

Mtakachogundua ni kwamba kutofautisha Balimi na laga nyepesi kama Castle Lite si kazi ngumu, ila Safari na Kili hapo ndo watu hushika vichwa. Anayeshindwa analipa kreti, na mkubaliane kabla hamjaanza hiyo kreti itakuwa ya bia gani, kwa maandishi, huyo asiyekunywa ashike karatasi.